Je, askofu asiyeweza kusogea bado analinda katika chekimeti?

Mgeni wa Kondele, Kisumu
Hamjambo, wanachama. Ninajifunza chesi, na jana jioni mimi na jirani yangu tulishindwa kukubaliana. Mfalme wake alikuwa g8 (herufi ni safu wima ya ubao, namba ni safu mlalo), ngome yake f8, na askari wake f7 na h7. Nilimpeleka malkia wangu g7, akilindwa na askofu wangu wa b2, kwa kuwa miraba yote ya mshazari huo ilikuwa wazi, nikatangaza chekimeti, yaani mfalme wake ameshambuliwa na hana njia ya kuokoka. Jirani alipinga: mfalme wangu alikuwa b1 na ngome yake ya pili b8, kwa hivyo askofu wangu hangeweza kutoka b2 bila kumwacha mfalme wangu akishambuliwa. Akamla malkia kwa mfalme. Je, ilikuwa halali?

Mwalimu wa Kakamega
La, ndugu yangu, mchezo ulikuwa umekwisha na wewe ndiye mshindi. Kanuni za FIDE, shirikisho la chesi la kimataifa, zinaeleza kwamba kete huhesabiwa inaushambulia mraba hata ikiwa imezuiwa kwenda hapo kwa sababu ya usalama wa mfalme wake. Sababu yake ni ya haki kabisa: kama wafalme wangekuwa wanaliwa, askofu wako angemla mfalme wake pale g7 kabla ngome ya b8 haijapata zamu ya kumfikia wako. Miraba mingine nayo ilikuwa imefungwa, kwani f8, f7 na h7 zilikaliwa na kete zake mwenyewe, na h8 ilishambuliwa na malkia.

Mzee wa Njoro, Nakuru
Nakubaliana na Mwalimu. Mfalme akishambuliwa, mtafutie njia tatu: kukimbia, kuila kete inayomshambulia, au kuweka kete katikati. Shambulio la farasi haliwezi kuzibwa kwa kete, na mfalme akishambuliwa na kete mbili kwa pamoja hana budi kusogea mwenyewe.

Linalowaumiza wanaoanza zaidi, kwa maoni yangu, ni sare ya kukosa hatua. Mfalme wa mpinzani akibaki peke yake h8, nawe ukamweka malkia g6 ikiwa ni zamu yake, hashambuliwi lakini hana pa kwenda, na ushindi wako unapotea papo hapo. Kabla ya kumsogeza malkia karibu na kona, hakikisha mfalme huyo amebakiwa na mraba mmoja wa kukanyaga, kisha mlete mfalme wako asaidie.

Mgeni wa Kondele, Kisumu
Asanteni sana. Je, mfalme anayeshambuliwa anaweza kujiokoa kwa kubadilishana nafasi na ngome, yaani ile hatua ya mfalme kusogea miraba miwili kuelekea ngome, nayo ngome ikaruka upande wake wa pili?

Mwalimu wa Kakamega
Hawezi. Hatua hiyo hairuhusiwi mfalme anaposhambuliwa, wala akipita au kutua kwenye mraba unaoshambuliwa. Ngome yenyewe ikishambuliwa, hilo halizuii chochote.