Mtoto wa paka ananyonyoka manyoya, wakuu naombeni ushauri

NyotaMbagala
Habarini wakuu, naombeni msaada wenu hapa nimeshachanganyikiwa. Kuna katoto ka paka nilikaokota kama wiki mbili zimepita chini ya meza ya mama muuza samaki, kalikuwa kenyewe tu mama yake hayupo, nakadiria kana wiki 7 au 8 maana meno kanayo na dagaa kanatafuna vizuri. Kalivyokuja kalikuwa kazima, sasa wiki iliyopita nikaona juu ya jicho pamenyonyoka kidogo nikasema labda kamejikwaruza, mara sikio, sahivi mguu wa mbele nao una kipara kama shilingi na pembeni kuna vitu kama majivu vinapukutika. Kinachonishangaza hakajikuni sana, kanacheza, kanakula, usiku kanaingia kwenye neti kanalala na mtoto. Viroboto nimetafuta sijaona hata mmoja. Nikakaogesha maji ya Dettol mara mbili naona kama ndo nimechochea. Mama anasema nikakatupe kataleta balaa ndani. Yalishamkuta mtu haya?

Kidagaa
Sikiliza mama, wakubwa huwa wanaona mbali 😂

Mzee wa Kontena
Huo upele tu binti. Mafuta ya taa changanya na ya nazi, paka siku tatu. Sisi kijijini mbwa tulikuwa tunawapaka oili chafu ya gari na walikuwa wanapona wanang'aa.

BintiTanga
Mzee shikamoo lakini hapo utamuulia mwenzio paka. Paka anajilamba mwili mzima, ukimpaka kitu jua umemlisha. Na hiyo Dettol dada iache leo leo, ina kemikali ambazo ini la paka haliziwezi, binadamu tunaoga nayo wala hatusikii kitu ila yeye ni sumu. Mi nina kidonda changu, niliuziwa poda ya viroboto ya mbwa, muuzaji akaniambia mbwa paka yote sawa, nikampaka jioni, saa nne usiku akaanza kutetemeka mwili mzima mpaka povu, asubuhi tukamzika. Baadaye ndo naambiwa ilikuwa na pemethrini, dawa ya kuua wadudu ambayo kwa paka ni sumu. Tangu siku ile kama kwenye kopo hawajaandika paka sinunui.

DoktaKwato
Dada Nyota, kabla sijasema kitu nijibu. Hivyo vipara ni vya duara au vimekaa hovyo hovyo? Ndani ya masikio kuna uchafu mweusi kama unga wa kahawa? Na humo ndani kuna mtu anawashwa, hasa huyo mtoto mwenye neti?

NyotaMbagala
Dokta umenitisha. Ni duara kabisa, masikio masafi. Mtoto wa dada yangu ana miaka 6, ana kidude cha duara mkononi, katikati pamepoa pembeni pamenyanyuka, tulijua choa kaipata shule tunampaka Whitfield. Na mimi tangu juzi shingoni panawasha nikasingizia mkufu wa Kariakoo 🙈

DoktaKwato
Mkufu hauna kosa. Kwa maelezo yako hiyo ni choa, na mnayo wote watatu. Kwa paka mara nyingi ni fangasi anaitwa Microsporum canis, anapenda sana watoto wa paka kwa sababu kinga yao bado changa, halafu anakula unywele wenyewe ndo maana unakatika na kuacha kipara chenye magamba. Ingekuwa ukurutu wa paka unaosababishwa na vidudu ungeanzia kwenye ncha za masikio na angejikuna mpaka damu. Ila mimi namsoma tu kwenye simu, mpeleke akaonekane. Kuna taa ya zambarau daktari anammulika gizani, manyoya yenye huyo fangasi mara nyingi yanawaka kijani. Yasipowaka bado haimaanishi hana, unywele unapelekwa maabara kuona kama fangasi ataota, majibu wiki moja mpaka tatu.

Tiba ni kumwogesha mara mbili kwa wiki na shampuu ya paka yenye mikonazoli na klorheksidini, pamoja na dawa ya kunywa ambayo atapimiwa kwa uzito, mara nyingi ni itrakonazoli. Kapaka kenyewe hata kilo hakajafika, usikisie.

Kashata
Dokta vidonge vya mapunye vya watoto si ndo vilevile? Griseofulvini ipo kila duka na bei poa.

DoktaKwato
Hapana. Zamani tuliitumia kwa paka, ila inaweza kumshusha damu, na akiwa na mimba inaharibu watoto tumboni. Dozi ya mwanao isiguse paka.

Na Nyota, kazi kubwa ni nyumba. Kila unywele unaodondoka umebeba mbegu na zinaweza kukaa zaidi ya mwaka zikisubiri mtu. Katenge kwenye chumba kimoja chenye sakafu inayofutika, huko kwenye neti marufuku, fagia na kitambaa kibichi ili manyoya yasiruke, shuka fua uanike juani, halafu sakafu ukishaisafisha ndo upitishe Jik iliyochanganywa na maji. Jik ya sakafu, sio ya paka, nawajua watu mnavyosoma haraka.

BintiTanga
Na vikipona usishtuke ukiona hapo kati ya jicho na sikio pamebaki manyoya machache, paka wengi wa manyoya mafupi ndo walivyo.

NyotaMbagala
Mrejesho baada ya wiki 6. Bwana mifugo wa kwanza alicheka akasema yeye wa ng'ombe na kuku, nikapata mwingine anayetibu paka, taa ikawaka kijani mguu mzima mpaka sehemu ambazo mimi nilikuwa naona nzima. Kumwogesha ni vita, mikono yangu ina chapa zake. Wiki ya tatu manyoya yakaanza kutoka meusi meusi, sasa hivi mguu umefunika. Mimi na mtoto tumepona kwa krimu ya klotrimazoli tuliyopewa hospitali. Daktari kasema nisisimamishe dawa ya paka kwa kuangalia manyoya, anachukua sampuli tena ijumaa. Mama bado anapita mbali nako ila nimemkuta anakamegea kichwa cha kibua.

Mzee wa Kontena
Hongera binti. Sasa dokta, nina ndama ana madoa ya duara usoni yana magamba kama hayo…

DoktaKwato
Mzee ndama naye anapata choa, ingawa fangasi wake ni mwingine. Fungua uzi wako nakuja. Na hiyo oili iweke chini kwanza.