Mafundi wa Dodoma, nani kawatuma mtupe manifodi zetu na kutufungia hedasi za bomba la maji?

Wakuu, nina hasira na sitaki mtu aniambie nipoe kwanza ndiyo niandike.

Gari ni Corolla KE70, injini 4K, ile ya 1290cc, kabureta ya kiwandani, kila kitu cha kiwandani. Nililipeleka gereji moja hapa mjini kwa kazi moja tu. Stadi (bolti isiyo na kichwa) ya manifodi ya ekzosi, kile chuma kinachokusanya moshi kutoka kwenye silinda, ilikatika upande wa silinda ya 4, gasketi ikawa inapuliza. Nikawaambia kwa mdomo wangu: toeni hicho kipande cha stadi, wekeni gasketi mpya, fungeni. Hela ya gasketi nikaacha. Narudi jioni naambiwa, "Bosi, tumekufungia hedasi. Ile ya zamani ilikuwa inaibana injini, sasa itapumua."

Hedasi ni mabomba yanayofungwa badala ya manifodi, bomba moja kwa kila silinda. Nauliza, manifodi yangu iko wapi? Wanatazamana. Imeshapimwa kwa kilo, imeondoka na watu wa chuma chakavu.

Yaani mali yangu, chuma cha kiwandani ambacho kimekaa kwenye gari zaidi ya miaka 40 na kilikuwa kizima, hakina ufa, kimeuzwa bila hata kupigiwa simu! Namba yangu wanayo. Halafu juu ya hapo naletewa bili ya laki mbili na nusu ya kitu ambacho sikukiagiza. Hiyo kwa Kiswahili chetu inaitwaje? Mimi naiita wizi, na nimewaambia hivyo hivyo mbele ya wateja wao.

Na ningekuwa nimeibiwa halafu nikafungiwa kitu cha maana, labda kelele ingekuwa fupi. Nimelala chini ya gari na tochi nikaiangalia hiyo "hedasi". Ni bomba la maji. Lile la mabati, la inchi 2, la kuvuta maji kwenye tangi, limekatwa kwa grenda na kuunganishwa na elbo za fundi bomba. Elbo za nyuzi 90, wakuu, kwenye njia ya moshi!

Bomba la mabati lina zinki. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 419 na kuchemka kwenye 907. Ukiichomelea inatoa moshi mweupe, na anayeuvuta anaamka usiku ana homa, kifua kimebana, anadhani ni malaria. Yule kijana aliyelichomelea alikuwa amefunga leso puani. Bosi wake amemfanya mgonjwa ili auze bomba. Na joto la moshi unaotoka kwenye silinda linafika nyuzi 600 na zaidi, kwa hiyo ile mabati inababuka siku za mwanzo tu, chuma kinabaki wazi na kutu inaanza.

Sasa hiyo inchi 2. Injini ya 1300cc ya barabarani inataka mabomba ya silinda yenye kipenyo cha nje cha milimita 35 mpaka 38 hivi. Bomba la inchi 2 kwa ndani ni kama milimita 52, maana yake nafasi ya ndani imezidi zaidi ya mara mbili. Mtu asiyejua atasema si ndiyo vizuri, moshi unapita kirahisi? Hapana. Hedasi inafanya kazi kwa mwendo wa moshi. Moshi wa silinda moja ukikimbia kwenye bomba lenye saizi yake unaacha nyuma yake mvuto unaosaidia kumalizia uchafu wa silinda inayofuata. Ukilipanua bomba kijinga, moshi unapoa, unazubaa, mvuto unapotea, na gari linakosa nguvu kwenye mizunguko ya chini, pale pale ambapo gari la mtaani linaishi. Gari langu lilikuwa linatoka mtaa wa Kisasa na gia namba tatu bila malalamiko. Sasa hivi kila tuta nashuka mpaka namba moja.

Na tusisahau tunaishi wapi. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, injini isiyo na tabo inakosa karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu yake hata kabla fundi hajaigusa. Ukienda Iringa kuna mlima Nyang'oro unakusubiri baada ya Mtera. Kwa gari la 1290cc, nguvu ya chini ndiyo kila kitu, na hiyo ndiyo wameniondolea.

Kuna jambo lingine ambalo mafundi wengi wa hedasi hapa mjini hawalijui, au wanalijua na wanalinyamazia. Kwenye 4K, inteki (njia ya kuingiza hewa na mafuta) na ekzosi viko upande mmoja wa silinda hedi. Vinatumia gasketi moja na vinabanwa pamoja. Kwa hiyo flanji ya hedasi (bati linalobanwa kwenye injini) lazima iwe na unene ule ule wa flanji ya inteki. Ikiwa nyembamba, washa (pete ya chini ya nati) inakaa upande, nati unaikaza mpaka mishipa ya shingo inatoka lakini inabana upande mmoja tu. Mimi nimewekewa flanji ya bati la milimita 5, imechomelewa, haikusawazishwa popote. Nimeweka rula ya chuma, mwanga unapita katikati. Matokeo yake ekzosi inapuliza na inteki inavuta hewa ya wizi. Asubuhi injini ikiwa ya baridi inagonga tik tik tik, fundi anakwambia ni tapeti, vile vifaa vinavyosukuma valvu. Si tapeti! Ni moshi unaotoka kwenye flanji, ndiyo maana ukishapata moto chuma kinatanuka na sauti inapungua. Silensi (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) imepanda, haitulii, plagi za silinda mbili ni nyeupe. Hiyo ni hewa nyingi mafuta machache, na injini ikiendeshwa hivyo kwa muda valvu za ekzosi zinaungua.

Manifodi ya kiwandani pia inafanya kazi nyingine. Inteki imekalia juu yake, joto linapanda na kupasha chini ya kabureta ili petroli igeuke mvuke vizuri. Ukiiondoa, asubuhi za Juni na Julai hapa Dodoma, na lile baridi lenye upepo, gari linakohoa mpaka majirani wanaamka. Ukifika Oktoba na Novemba mambo yanageuka: bomba lenye ukuta mwembamba linatapika joto ndani ya boneti, petroli inachemka kwenye kabureta ukisimama kwenye foleni ya Jamatini. Chuma kizito cha kiwandani kinatunza joto lake ndani.

Halafu hawa mabwana wameunganisha silinda ya 1 na ya 2 kwenye bomba moja, ya 3 na ya 4 kwenye jingine, kwa sababu ndizo zinazopakana na ilikuwa rahisi kukata. Silinda za injini hii zinawaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Ukitaka mabomba manne yaingie mawili ndipo yaishie moja, unaunganisha 1 na 4, halafu 2 na 3, ili mapigo yapishane sawasawa. Hili ni somo la kwanza kabisa la hedasi. Mtu asiyelijua asiguse grenda.

Wanachonionesha kama ushahidi ni video. Mmarekani ana Chevrolet ya V8, lita 5.7, anatoa manifodi nzito, anafunga hedasi, gari linanguruma na kuruka. Sawa, simkatalii. Injini ile ina kamshafti (shafti inayofungua valvu) kali, kabureta kubwa, inatoa moshi mwingi kwenye mizunguko ya juu na manifodi kweli inaibana. Hata huko kwao wapo wanaobaki na manifodi za kiwandani kwa gari la kila siku, kwa ajili ya ukimya, uimara na kutovuja. 4K yangu ina kabureta ndogo na kamshafti ya kupeleka watoto shule. Kinachoibana si manifodi. Ukitaka hedasi ikulipe, anza na kamshafti, kabureta kama Weber mbili, silinda hedi ifanyiwe kazi, ndipo uje kwenye mabomba, na jeti za kabureta (vitundu vya kupitisha petroli) zipimwe upya. Kumfungia mtu hedasi peke yake na kumwambia gari litakimbia ni kumdanganya.

Lakini kilichonitoa machozi kabisa ni hiki. Moshi unaovuja kwenye ile flanji unatokea karibu na ukuta unaotenganisha injini na abiria na unaingia ndani ya gari kupitia tundu la hewa. Mke wangu aliendesha mpaka Chamwino na watoto, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi. Walifika wanalalamika kichwa. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na inaua. Nimewaambia gereji, wakanijibu, "Mzee, fungueni vioo kidogo." Hilo ndilo jibu walilonipa kuhusu watoto wangu.

Na yote haya kwa sababu ya stadi moja iliyokatika! Kazi ya stadi inajulikana. Unailoweka mafuta ya kulainisha kutu usiku kucha, unachomelea nati juu ya kipande kilichobaki, joto lenyewe linailegeza, unazungusha taratibu. Ikigoma unatoboa katikati kwa drili, polepole. Ni kazi ya subira na haina faida kubwa, bomba la maji lina faida. Hiyo ndiyo hesabu yao.

Nimewapa wiki hii. Nataka manifodi ya 4K nyingine, nzima, ifungwe kwa gharama yao, na bili yao waichane. Wakishindwa naenda polisi, maana kuuza mali ya mteja ni kosa la jinai na wala si mgogoro wa gereji. Kama kuna mwenye manifodi ya 3K au 4K Dodoma, Singida au Morogoro aseme hapa chini, nitakuja na rula yangu.

NYONGEZA: Kuna mkuu ameniuliza, ana Datsun 120Y na manifodi yake imepasuka kweli, afanyeje. Mkuu, usikubali iuzwe chakavu. Chuma cha kusubu kinachomelewa, ila kwa fimbo za nikeli, kipashwe moto kwanza na kipozwe polepole ndani ya majivu au mchanga mkavu. Fundi akikugusia fimbo ya kawaida ya madirisha na mageti, chukua manifodi yako uondoke, itapasuka tena pembeni ya mshono. Ikishachomelewa uso wake upelekwe ukasawazishwe kwa mashine kama wanavyofanya silinda hedi, pamoja na inteki yake, zikiwa zimefungwa pamoja, kwa sababu injini yako nayo ina vyote viwili upande mmoja. Ikishindikana kabisa ndiyo utengeneze hedasi: flanji nene inayolingana na inteki, bomba jeusi lisilo na mabati, mikunjo ya kukunjwa kwa mashine na si elbo, na iishie juu ya mstari wa chasi, la sivyo tuta la kwanza la Nkuhungu litaing'oa. Nati weka za shaba, hazigandi. Kaza tena baada ya injini kupata moto na kupoa mara kadhaa. Na ile ya zamani, hata ikiwa vipande viwili, irudi nyumbani kwako kwenye buti.