Vitoto vya sungura vinanikimbia hata nikileta chakula, nakosea wapi?

KipepeoMoro:
Habari zenu wadau. Wiki ya pili hii nimewanunulia wanangu sungura wadogo wawili hapa Morogoro, muuzaji alisema wana miezi miwili ila mi nawaona wadogo zaidi ya hapo. Sio wa kitoweo, ni wa kukaa nao tu ndani, sasa hawakamatiki, ukisogea wako nyuma ya boksi, na ukibahatika kumshika mmoja anatulia tuliii mpaka unasema huyu kashazoea, kumbe ukilegeza mkono tu anajirusha. Jana binti yangu wa miaka 6 kamnyanyua kwa masikio kama alivyoona wanavyofanya sokoni, kaparuliwa mkono analia, sungura nae kaingia chini ya kabati hakutoka mpaka usiku. Mume wangu anasema tupige supu yaishe 😅. Nishachelewa au kuna namna?

Mfugaji_Kibaha:
Mumeo ana hoja ila kwa umri huo hamna nyama hapo, ni mifupa tu 😂
Masikio marufuku, mwambie mtoto, yale yana mishipa kibao na yanamuuma. Mi wangu ni wa biashara, nikimkamata mkono mmoja kwenye ngozi ya juu ya mabega, mwingine chini ya makalio nabeba uzito wote, basi. Hayo ya kubembelezana siyajui. Ila angalia jinsia mapema, wakifika miezi mitatu au minne kama ni dume na jike watenganishe, mimba yao ni mwezi mmoja tu na jike akizaa leo anaweza kupandwa leo leo. Usije kurudi humu kuuliza mbona wapo kumi.

mamaNdonya:
Dada hujachelewa wala nini, wiki mbili bado sana. Kwanza huko kutulia unakokusema ndo hofu yenyewe, sungura akishikwa na kitu anachokiogopa anaganda, wala sio raha. Na wale wanaowalaza chali eti kalala, hajalala, anajifanya maiti. We mfikirie kiumbe ambaye kila kinachomjia kutoka juu ni mwewe, afu wewe unamfuata umesimama na mkono unashuka, lazima akimbie.

Mi nilichofanya nilikaa chini sakafuni. Simwiti, simwangalii, nakaa zangu na simu au nachambua mchicha, jioni wakati wameamka maana mchana wanasinzia, dakika kumi na tano hivi kila siku. Siku ya tatu au ya nne mmoja akaja kunusa kisigino akakimbia, kesho yake akaja tena akakaa kidogo. Usimkamate hapo jamani! Ukimkamata siku aliyojileta mwenyewe umerudi mwanzo kabisa. Baadae weka jani kwenye kiganja, akila bila wasiwasi mguse kwenye paji la uso katikati ya macho, taratibu kuelekea masikioni. Usipitishe mkono mbele ya pua, pale kwenyewe haoni vizuri, macho yake yako pembeni, utamshtua bure.

Kubeba ni hatua ya mwisho na wengine hawapendi maisha yao yote, ukubali tu. Ukimbeba mwegemeze kifuani, makalio yamekaa kwenye kiganja, maana miguu ya nyuma ina nguvu kuliko huo mgongo wake, akipiga teke hewani anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe. Binti yako asimnyanyue kabisa kwa sasa, akae chini amsubiri kama wewe.

KipepeoMoro:
Yaani hapo kwa mwewe nimeelewa kabisa, asante dada. Usiku kuna mmoja anagonga mguu chini du! du! ni hasira?

mamaNdonya:
Anatoa tahadhari, kasikia paka au kitu. Ukimpapasa ukahisi meno yanasagana kidogo kidogo hapo anafurahi, ila yakisagana kwa nguvu halafu kajikunyata, huyo anaumwa. Na akigoma kula nusu siku usisubiri kesho, mpeleke kwa daktari wa mifugo, tumbo la sungura likisimama linaua haraka.

Mfugaji_Kibaha:
Hapo kwenye tumbo nakubaliana nae. Hata chakula usibadilishe ghafla, uliza muuzaji alikuwa anawapa nini, vitoto vilivyotoka kuachishwa ziwa vikiharisha ni shughuli. Nyasi kavu ziwepo muda wote, majani yanyaushe kidogo kwanza, na karoti ni pipi hiyo, kipande tu.

KipepeoMoro:
Wadau nimerudi, siku ya tisa leo. Yule wa kijivu jana kapanda kwenye paja langu kala tembele lote kashuka kaenda zake, sijamgusa japo mkono uliniwasha! Mweupe bado anachungulia tu kwenye boksi. Binti nae kaambiwa akae kama mawe, kakaa kweli mpaka kasinzia palepale sakafuni, nageuka namkuta wa kijivu anatafuna ncha ya kilemba chake. Mume katoka chumbani kaangalia, kasema kumbe wana akili, supu hajaitaja tena. Ila jinsia nimechungulia sijaona kitu, @Mfugaji_Kibaha hapo unaangaliaje?

Mfugaji_Kibaha:
Subiri wakue kidogo, sasa hivi utadanganyika. Ukifika muda niite.