Naomba ushauri: Kenya na Botswana, sheria moja, hukumu mbili

Wakuu, habari za jioni. Nasoma sheria hapa Dodoma. Utafiti wangu wa mwisho unahusu kufutwa kwa kosa la mahusiano ya jinsia moja, na nimekwama.

Kenya na Botswana zilirithi vifungu vinavyofanana kutoka kwa Mwingereza. Mei 2019 Mahakama Kuu ya Kenya ikavibakiza; Juni mwaka huohuo ya Botswana ikavifuta kwa hoja ya faragha, utu na usawa, na Mahakama ya Rufani yao ikaunga mkono Novemba 2021. Kwetu kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu bado kipo, kifungo hadi maisha. Msimamizi anataka nisiishie kwenye hukumu, nionyeshe athari zake mtaani: zahanati, polisi, mwenye nyumba. (Yuko sahihi, ila kurasa nilizopewa ni chache.)

Aliyefungwa kabla kifungu hakijafutwa, hatia yake inaondoka yenyewe au lazima akate rufani? Na ibara ya 16 ya Katiba yetu (haki ya faragha), ikisomwa pamoja na ya 30 (mipaka ya haki), inaacha nafasi gani kwa hoja kama ya Botswana? Mwenye kesi ya kunielekeza, hata jina tu, anitajie. Mahubiri na matusi tuyaweke kando, jamani, nina tarehe ya kukusanya kazi.