Mjadala: Frii kwenye mteremko wa Newala inabana mafuta ya nani?

Mleta hoja, Mtwara mjini
Ndugu zangu wa Kusini, hili nalileta kwa sababu vijiweni haliishi. Lori la mzigo linashuka kutoka Newala kuelekea Masasi, dereva anatoa gia, anaacha gari liserereke lenyewe. Hiyo ndiyo frii. Ukimuuliza: "Nabana mafuta, bosi." EWURA, wadhibiti wa bei za mafuta, wakitangaza bei kikomo zimepanda, ndiyo frii zinazidi.

Msimamo wangu ni huu: kwa magari mengi ya sasa, frii kwenye mteremko mkali inakula mafuta, haibani. Gari lenye nozeli na kontrol boksi (kompyuta ya injini) likiwa ndani ya gia, nawe umeachia pedali ya mafuta, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Kontrol boksi ikiona pedali imeachiwa na mizunguko bado iko juu, inafunga mafuta kabisa. Ukitoa gia, injini inabaki peke yake, lazima inywe kidogo isizime. Kwa petroli ya cc 1,500 hadi 2,000, sailensa hiyo, yaani injini kuzunguka bila kukanyagiwa mafuta, ni kama nusu lita hadi lita moja kwa saa.

Wenye hoja tofauti karibuni. "Tangu zamani tunafanya hivyo" siyo hoja.

Dereva wa Fuso, Masasi
Shikamoo mjomba. Hayo ya kontrol boksi wapelekee wenye magari ya kutembelea. Fuso langu ni la pampu, kompyuta halina. Nikiliacha frii nasikia kabisa injini imetulia. Nikiweka gia linanguruma mteremko mzima. Sasa kinachonguruma kinakula nini, upepo?

Fundi, Mikindani
Ndiyo kaka, upepo. Pampu yako ina gavana, kifaa kinachopima dizeli ya kwenda kwenye injini. Ukiachia pedali na mizunguko iko juu ya sailensa, gavana inarudisha nyuma reki, ile fimbo ya kufungulia dizeli, dizeli haiendi kwenye nozeli. Ule mngurumo ni injini inazungushwa na mzigo wako mwenyewe. Kelele haipimi mafuta. Nimeshachoka kueleza hili gereji.

Bodaboda, Lindi
Na sisi wa kabureta je?

Fundi, Mikindani
Kabureta ndiko ilikotoka imani yote hii. Ukishuka ndani ya gia, injini inavuta hewa kwa nguvu na petroli kidogo inafuata kupitia tundu la sailensa. Kwa hiyo wazee wa magari ya zamani hawakuwa wajinga. Pikipiki yako ukiiweka frii unaweza kuokoa matone. Ila ukiwa na abiria wawili na mkungu wa ndizi, hayo matone yaache.

Dereva wa Fuso, Masasi
Haya, mteremko mkali nimekuachieni. Lakini njia ya Mingoyo kuja Masasi ina vishuko virefu vilivyolala. Pale nikiwa ndani ya gia gari linashikwa, mwendo unapungua, inabidi nikanyage mafuta tena. Nikiwa frii linafika hadi chini bila kukanyaga. Hilo nalo mtalikataa?

Mleta hoja, Mtwara mjini
Silikatai, na wengi wanaopinga frii hawalisemi. Pale ambapo hutagusa breki hata kidogo, frii inakufikisha mbali zaidi, kwa sababu injini haikushiki. Pale unapolazimika kukanyaga breki, umepoteza: mwendo unaougeuza joto kwenye breki ungeweza kuzungusha injini bure.

Ila tuwe wakweli kuhusu kiasi. Gari dogo likikaa frii dakika 6, likinywa lita 0.8 kwa saa, ni mililita 80. Kikombe cha kahawa cha pale sokoni. Hapa tunagombania kikombe, wakati breki za lori la tani kadhaa zinachemka.

Fundi, Mikindani
Hapo ndipo penyewe. Lori likiwa frii, egzosti breki (ile inayobana moshi ili injini ishike gari) haina kazi, maana injini imeachana na magurudumu. Breki za upepo ukizikanyaga mara kwa mara unamaliza upepo, na kompresa kwenye sailensa inajaza taratibu. Ngoma za breki zikichemka, breki haishiki vizuri. Unataka kurudisha gia, gari limeshakimbia, gia inakataa kuingia. Hapo hata uwe dereva wa namna gani, umebaki na usukani tu.

Wanaozima injini kabisa ndio sina la kuwaambia. Buster ya gari dogo, ile inayoongeza nguvu ya mguu kwenye breki, inabaki na breki mbili tatu laini, kisha pedali inakuwa jiwe. Usukani unakuwa mzito, na ukichomoa ufunguo unajifunga. California wameipiga marufuku kisheria frii ya kushukia mlima, na kule malori yao yanakaguliwa kuliko yetu.

Gia unayoweza kupandia mlima huo, ndiyo ushukie.

Abiria, Newala
Sisi wa nyuma tunajua. Injini ikinyamaza tu, watu wote kwenye basi wanaanza kutazamana.

Dereva wa Fuso, Masasi
Mjomba, umezungumza breki na gavana, hujazungumza mfuko. Bosi ananikadiria hela ya dizeli kwa safari. Ikibaki, yangu. Ikipungua, nakatwa. Bitana za breki zikiisha, ananunua yeye. Sasa wewe ungekuwa mimi, ungechunga kipi?

Mleta hoja, Mtwara mjini
Hili limenigusa, maana na mimi nina Fuso moja na hesabu yangu ndiyo hiyo hiyo. Kwa hiyo tunamkataza dereva frii mchana, usiku tunamlipa kwa kuipiga.

Dereva wa Fuso, Masasi
Umesema mwenyewe. Jaza tenki kwa kipimo, twende safari mbili tatu tuone linakula kiasi gani, halafu nilipe posho yangu mbali na dizeli. Gia naiacha ndani kuanzia Newala mpaka chini. Na nikichelewa nusu saa usinipigie simu.

Mleta hoja, Mtwara mjini
Kwa njia ya Newala nimekubali, simu pia nitajizuia. Wamiliki wengine, hasa wa malori ya korosho: nyie dereva mnampa dizeli ya kupima au hela mkononi?