Hewa ya nje kwenye kiyoyozi cha juu ya paa: dampa ya mkono, ya mota, ekonomaiza au gurudumu la kurejesha nishati?

Msimamizi_Jengo
Wakuu, habari za kazi. Nasimamia jengo la ofisi la mita za mraba 500, lisilo na ghorofa. Watu ni 25, na kuna chumba cha mafunzo kinachojaa siku chache kwa wiki. Juu ya paa kuna kiyoyozi kimoja cha tani 10 (nguvu ya kupoza, kama kilowati 35), kile cha kila kitu ndani ya sanduku moja. Juzi nilipanda na fundi tukakuta tundu la hewa ya nje limezibwa kwa bati tangu mashine ilipofungwa. Kumbe miaka yote hii watu wanazungushiwa hewa ile ile! Ikifika saa nane mchana wanalalamika vichwa vizito na usingizi, nami nikawa nashusha thamostati nikidhani ndiyo dawa.

Nimeletewa machaguo manne: dampa (bapa la kufungua na kufunga njia ya hewa) ya mkono, dampa ya mota ya kufunguka na kufunga tu, ekonomaiza kamili, na gurudumu la kurejesha nishati. Mlioyafunga, lipi linafaa, na kipi huharibika baadaye?

FundiKoili
Mkuu, kabla ya kuchagua kifaa, jua unahitaji hewa kiasi gani. Kiwango cha ASHRAE 62.1 (cha chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani) kwa ofisi ni lita 2.5 kwa sekunde kwa kila mtu, ukijumlisha lita 0.3 kwa kila mita ya mraba. Kwako ni 62.5 na 150, yaani kama lita 212 kwa sekunde. Mashine ya tani 10 husukuma takriban lita 1,900, kwa hiyo hewa ya nje ni kama asilimia 11. Chumba cha mafunzo kikijaa, hesabu inapanda.

Dampa ya mkono ni bati lenye kofia ya mvua na kipande cha kusogeza. Unalifunga kwa skrubu mahali pamoja na linabaki hapo usiku, sikukuu, jengo likiwa tupu. Haina cha kuharibika, lakini unapoza hewa ya nje kwa ajili ya viti. Ya mota inafunguka watu wakiwepo na kujifunga wakiondoka. Mota ni ya voliti 24, na hakikisha ina springi ya kuifunga dampa umeme ukikatika. Ekonomaiza ni hatua ya juu zaidi: mabapa ya hewa ya nje na ya hewa inayorudi yameunganishwa, moja likifunguka jingine linafunga, na nje kukiwa na ubaridi wa kutosha inapoza jengo bila kompresa. Mimi ningefunga ekonomaiza.

DadaMitambo
Kaka FundiKoili, hesabu yako naikubali, ila ekonomaiza nisingeipendekeza kabla ya kumuuliza hali ya hewa yake. Msimamizi, asubuhi kwenu hewa ni kavu au ina unyevu?

Msimamizi_Jengo
Ina unyevu dada, karibu mwaka mzima. Asubuhi kuna ubaridi kidogo lakini vioo vinatoka jasho kwa nje. Mchana inafika nyuzi 34.

DadaMitambo
Basi tuangalie namba. Nje nyuzi 22, unyevu asilimia 90. Ndani nyuzi 24, unyevu asilimia 50. Ukitazama kipimajoto pekee, hewa ya nje ina ubaridi zaidi, na ekonomaiza inayosoma joto tu itafungua mabapa yote. Lakini ukihesabu joto lililobebwa na mvuke, ya nje ina kilojuli 60 hivi kwa kilo na ya ndani 48. Umeingiza mzigo ukidhani unaokoa, na koili itakesha ikikamua maji.

Mchana ni vivyo hivyo. Zile lita 212 kwa nyuzi 34 na unyevu asilimia 60 zinaleta takriban kilowati 2.6 za joto la kawaida na kilowati 7 za mvuke. Karibu kilowati 10 kati ya 35 za mashine nzima! Ndiyo maana mwenye hewa ya namna hii namwelekeza kwenye gurudumu kwanza: hewa chafu inapotoka, gurudumu linanyonya ubaridi na ukavu wake na kuukabidhi hewa inayoingia. Lililo zuri hurejesha karibu asilimia 70 ya tofauti hiyo.

FundiKoili
Hapo kwa mvuke umenishinda, dada, nakubali. Akiichukua ekonomaiza basi iwe ya sensa ya entalpi (jumla ya joto la hewa pamoja na la mvuke wake), si ya joto peke yake. Ila gurudumu nalo lina masharti. Lina mkanda, mota yake, chujio zake na feni ya kutolea. Ukilisahau miezi sita linaziba vumbi na hewa inapungua. Pia linaongeza uzito juu ya paa, na hewa chafu lazima irudi hadi kwenye mashine. Ikitokea chooni na jikoni kwa feni zake, gurudumu halina cha kurejesha. Mtu asinunue bila mhandisi kuliangalia paa.

Paa_Moto
Mimi naongezea ya ufungaji, maana nimerudishwa kwenye kazi za wenzangu mara nyingi na kosa ni lile lile. Zima umeme kwenye swichi kuu na upime kwa mita, usiamini thamostati. Ukitoa bati la zamani, gasketi iwe pande zote. Upenyo mdogo chini ya fremu unavuta maji ya mvua moja kwa moja hadi kwenye chujio. Kofia iangalie chini, iwe na wavu wa kuzuia ndege. Tundu lisitazamane na bomba la moshi, la choo au feni ya jikoni. Kabla ya kufunga mlango, sogeza mabapa kwa mkono mwanzo hadi mwisho. Niliwahi kukuta waya wa sensa umebanwa na bapa, dampa ikasimama nusu msimu mzima na hakuna aliyejua, kwa sababu kompresa ilikuwa inafidia kimya kimya.

Na hili ndilo kubwa: feni ya ndani ikiwa kwenye "AUTO", kompresa ikipumzika feni inasimama, na hewa ya nje nayo inasimama. Saa za kazi feni izunguke mfululizo. Umefunga kifaa cha bei kubwa, feni haizunguki: hujafunga kitu.

KipimoKwanza
Naunga mkono, na baada ya kufunga pima. Njia ya haraka ni ya joto: hewa inayorudi nyuzi 24, ya nje 34, iliyochanganyika 26, basi hewa ya nje ni asilimia 20. Pima hewa iliyochanganyika sehemu kadhaa, maana haichanganyiki sawasawa. Na usiipime siku ambayo nje na ndani vinapishana nyuzi mbili tatu, kosa la nusu nyuzi litakupoteza kabisa.

Kwa chumba cha mafunzo weka sensa ya kaboni dayoksaidi ukutani ndani ya chumba chenyewe. Kwenye dakti (mfereji wa hewa) ya kurudi inasoma mchanganyiko wa jengo lote, chumba kilichojaa kinafichwa. Nje ni takriban sehemu 420 kwa milioni (ppm), na kwa kiwango chako cha hewa ofisini itatulia karibu na 1,000. Ukiiweka ifungue kwa 600 dampa haitafunga kamwe. Kumbuka pia njia ya hewa kutoka; ukiingiza bila kutoa, mlango wa mbele hautajifunga.

Msimamizi_Jengo
Nimewasoma wote, asanteni sana. Hewa chafu yetu inatoka kwa feni za vyooni, kwa hiyo gurudumu tumeliweka kando. Tunachukua dampa ya mota inayofunguka kidogo kidogo, yenye kontrola inayopokea sensa ya entalpi na ya kaboni dayoksaidi, na dampa ya kupumulia (ya kutolea hewa iliyozidi) upande wa hewa ya kurudi.

Swali la mwisho kwa Paa_Moto: kile kiwango cha chini kabisa ambacho dampa inafunguka watu wakiwepo, nakiweka kwa asilimia ya mota?

Paa_Moto
Hapana mkuu. Mota ikiwa asilimia 11 haimaanishi hewa ni asilimia 11. Anza na 20, pima joto kama alivyoelekeza KipimoKwanza, punguza au ongeza, kisha piga alama ya wino wa kudumu kwenye ekseli ili fundi ajaye ajue ilipokuwa.