NoSuchMethodError ya Guava kwenye Spark: Maven inaonyesha 31, klasta inapakia 14

Kipanga:
Wakuu habari. Programu yangu ya Spark 3.3 (injini ya kuchakata data kwenye kundi la mashine, yaani klasta) inatumia Guava 31.1-jre, maktaba ya Java ya Google. Kwenye laptop majaribio yote yanapita, ila nikiituma klasta kwa `spark-submit` inakufa hivi:

`java.lang.NoSuchMethodError: com.google.common.base.Preconditions.checkArgument(ZLjava/lang/String;Ljava/lang/Object;)V`

`mvn dependency:tree`, amri ya Maven (zana ya kujengea miradi ya Java) inayoorodhesha maktaba za mradi, inaonyesha Guava moja tu. Nyingine inatoka wapi?

Mtambo:
Mkuu, mti wa Maven unaonyesha ulichokompailia, si kitakachopakiwa klasta. Spark ina folda yake ya `jars`, humo imo `guava-14.0.1.jar`, nayo hutangulia jar yako. JVM (inayoendesha programu za Java) huchukua klasi ya kwanza inayoikuta, haiulizi toleo. Hiyo `checkArgument` ya Object moja ilikuja na Guava 20. Kabla yake ilikuwepo ya `Object...` tu, kwa hiyo msimbo uleule ukikompailiwa kwa 31 unaita methodi ambayo 14 haina.

Hakikisha kwanza, usibahatishe:

`--conf spark.executor.extraJavaOptions=-verbose:class`

Kisha tafuta `Preconditions` kwenye stdout ya executor (mchakato wa Spark unaofanya kazi kwenye mashine za klasta). Mstari wake utakutajia faili ilikotoka.

Bi Nahodha:
Dawa ni kuhamisha jina la kifurushi kwa maven-shade-plugin, programu-jalizi ya Maven inayofungasha maktaba ndani ya jar yako:

```
<relocation>
  <pattern>com.google.common</pattern>
  <shadedPattern>ndani.com.google.common</shadedPattern>
</relocation>
```

Shade hubadilisha klasi zako pamoja na za maktaba zote ulizofungasha, hivyo Guava mbili zinakaa JVM moja bila kugongana. Ongeza `ServicesResourceTransformer`, la sivyo faili za `META-INF/services` (zinazotaja klasi za huduma) zenye jina moja, moja itaifuta nyingine. Ukimaliza, endesha `jar tf app.jar | grep com/google/common`: kila mstari uanze na `ndani/`.

Kipanga:
Shukrani. Na `spark.executor.userClassPathFirst=true`? Si mstari mmoja tu?

Mtambo:
Ni ya majaribio hadi leo, na mimi siipendekezi. Ikiwa jar yako imebeba klasi ambazo Spark nayo inazo, zitapakiwa mara mbili na classloader (vipakiaji vya klasi) tofauti, upate `ClassCastException` inayosema X haiwezi kuwa X. Kama huwezi kutumia shade, shusha Guava hadi 14.0.1 kwenye `dependencyManagement`, lakini maktaba zako nyingine zikihitaji mpya, utahamishia kosa kwao.

Bi Nahodha:
Na Spark yenyewe iwe `provided`, yaani Maven isiifungashe kwenye jar kwa kuwa klasta tayari inayo. Ukiifungasha ndani, shade itagusa klasi zake pia.